Soko Letu ni Kila Anayevaa Nguo

Wiki jana uliniacha nyumbani kwa Shangazi nimeinua koti langu la kijivu, koti la pekee nililo nalo duniani, naitazama taa kupitia tundu la mgongoni. Tundu lilikuwa na umbo la pasi, ncha juu, kitako chini. Ungesema pasi imejipiga picha.

Kama hukusoma, usijali. Aliyepoteza ni mimi.

Kwa ufupi: mimi na rafiki yangu Kimya tumebuni programu ya simu inayoitwa Tayari. Unampelekea fundi cherehani kitambaa chako, na programu inakwambia ukweli nguo imefika wapi. Imekatwa. Imeshonwa. Inasubiri vifungo. Hakuna tena kufunga safari mpaka kwa fundi halafu uambiwe njoo kesho. Tukaitwa tukaombe mtaji kwa wawekezaji, na mimi kwa furaha nikajipigia pasi mwenyewe.

Na wakikataa? Jumatatu naenda kwa Mjomba kuzoa mbolea kwenye banda lake la kuku. Familia ilikaa kikao ikapitisha, mimi nikiwa mwalikwa tu. Mjomba hakusubiri hata matokeo. Alileta mabuti ya mpira, akayasimamisha nyuma ya mlango wa chumba changu, vidole vimenielekea.

"Nimechukua namba kubwa kidogo, mpwa wangu," alisema. "Utakua humo humo."

Basi hapo ndipo tulipo. Koti limeungua, mabuti yananikodolea macho. Sasa nisikilize nilichofanya, na usinihukumu kabla sijamaliza. Ukishamaliza, hukumu.

Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka la Shangazi. Yeye ni fundi. Kushona anajua mpaka nguo inakusifia, lakini tarehe zake hazijawahi kukutana na kalenda. Ndiye fundi wa kwanza kujiunga na Tayari. Ndiye pia wa mwisho. Tulimfundisha kubonyeza simu kila hatua, akatuuliza, "Nikikaa kubonyeza simu, cherehani ataikanyaga nani? Wewe?"

Asubuhi ile Shangazi alikuwa ametoka kununua uzi. Ukutani, kwenye msumari wa tatu, palikuwa na koti limekwisha kabisa. La kijivu, kama langu. Bitana yake ya zambarau, inateleza kama siagi. Nikasema ngoja nilijaribu tu.

Ndugu yangu, lilinikaa kana kwamba Shangazi alinipima nikiwa usingizini.

Nikajiambia: naliazima mpaka mchana. Mwenyewe akija, ataambiwa njoo kesho. Kwani si ameshazoea?

Ndiyo, hivyo hivyo. Mimi, mwenye kampuni ya kukomesha njoo kesho, nilipanga kuokolewa na njoo kesho.

Na ili msumari usibaki mtupu, nikatundika pale koti langu mimi. Uso kwa watu, tundu kwa ukuta. Ukilitazama kwa mbele, koti zima, la heshima.

Nikatoka nikipiga mluzi.

*

Sasa nikupe habari ya soko, maana ndiyo iliyotuingiza kwenye moto.

Wawekezaji wanataka slaidi moja inayoitwa ukubwa wa soko. Ina miduara mitatu, mmoja ndani ya mwenzake. Mkubwa ni watu wote wanaoweza kukuhitaji. Wa kati ni wale unaoweza kuwafikia. Mdogo ni wale utakaowapata kweli. Shangazi aliiona kwenye laptopu ya Kimya akauliza, "Mnataka kumpiga nani mshale?"

Tuliyemtegemea ni Kocha. Kocha ni kijana anayefundisha kampuni changa kwenye jengo lenye viti vya rangi rangi na kuta za kuandikwa. Yeye mwenyewe hajawahi kuwa na kampuni, lakini ana suruali fupi na hofu hana.

"Soko lenu ni nani?" alituuliza.

"Wateja wa mafundi cherehani wa mji huu," nikasema.

Akashika kichwa kama amesikia msiba. "Dogo! Dogo hilo! Mnakwenda kwa watu wenye njaa mnabeba kijiko cha chai? Niambieni, nani anavaa nguo?"

"Watu wote."

"Haya! Wote hao ni wenu."

"Na watoto wachanga, Kocha?"

"Wanavaa nepi. Nepi si nguo?"

"Inashonwa kwa fundi?"

"Usiniletee maswali ya kimaskini. Andika: bilioni moja na ushee, bara zima."

Nikaandika. Kimya akatikisa kichwa, lakini Kimya hutikisa kichwa hata akifurahi, kwa hiyo hatukumtilia maanani.

Huyu Kimya nikueleze. Kwenye kompyuta ni hatari, lakini kwa watu ana aibu ya kuku mgeni. Hamtazami mtu usoni. Anakusalimia akitazama viatu vyako, na kesho akiviona viatu vile vile kwa mtu mwingine atamwita kwa jina lako.

Mduara mdogo ulitaka idadi ya kweli. Kocha akasema, "Hesabuni wateja wa fundi mmoja, mengine niachieni." Tukamweka Kimya mlangoni kwa Shangazi wiki nzima, kwenye kigoda, kichwa chini. Kila jozi ya viatu ikivuka kizingiti, anabonyeza simu. Mimi wiki hiyo nilishinda kwa Kocha nikijifunza kutembea jukwaani.

Kimya akaja na jozi mia mbili na kumi na nne.

Kocha alikaribia kulia kwa furaha. Akazidisha kwa mafundi mia nne wa mji mzima, akazidisha kwa wiki za mwaka, akapuliza kikokotoo kama kimepata moto.

"Milioni nne na nusu kwa mwaka!" akasema. "Tena hapo nimekuwa mnyenyekevu!"

Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini Shangazi, mwenye wateja mia mbili kwa wiki, bado analalia godoro linalomjua mbavu moja moja.

*

Chumba cha wawekezaji kilikuwa ghorofani, baridi ya kugandisha maneno, pazia zimefungwa ili projekta ionekane. Mezani wamekaa watatu. Katikati mzee mmoja wa mwili wa wastani, wanamwita Mwenyekiti. Kulia kwake mama mwenye miwani ya mnyororo, Mama Miwani nitamwita. Wa tatu alikuwa kijana wa simu, hakuinua uso tangu tuingie mpaka tutoke, na hatatusumbua.

Mwenyekiti alianza kwa kucheka.

"Mnisamehe kwa hili koti langu," akasema, akivuta koti la kahawia lililombana makwapa. "Nilishonesha jipya kwa ajili ya leo. Fundi wangu ameniangusha. Jana nimekwenda, naambiwa bado vifungo."

Watu wakacheka. Mimi nikamminya Kimya ubavu. "Umesikia? Mungu katuletea soko mpaka mezani!"

Kimya akatikisa kichwa.

Walitangulia wengine watatu. Wa kwanza ana programu ya kukumbusha watu kunywa maji. Soko lake ni kila mwenye koo. "Tukipata asilimia moja tu," akasema, na akapiga bilioni.

Wa pili alikuwa dada mwenye sauti ya redioni. Anashauri wanandoa kwa ujumbe wa simu. Soko lake ni waliooa, wanaotaka kuoa na wanaojuta. "Asilimia moja tu," akasema.

Wa tatu anauza vifuniko vya simu vinavyonukia. Bara zima lina simu, bara zima lina pua. Asilimia moja tu.

Siku ile asilimia moja iliombwa na watu wengi hata nikaionea huruma. Hakuna aliyeomba mbili. Adabu bado ipo.

Kila mduara mkubwa ulipotokea ukutani, Mama Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa ni la kioo.

Ikafika zamu yetu.

Kimya akakaa kwenye laptopu, mbele kidogo ya meza yao. Mimi nikasimama kwenye mwanga, nikanyoosha koti, nikaanza.

Nisikufiche, nilikuwa mtamu. Niliigiza mteja, niliigiza fundi, niliigiza mpaka cherehani. Nikasema, "Bwana harusi ameingia kanisani na suruali ya shemeji yake, kwa nini? Njoo kesho! Mtoto amevaa sare ya shule wakati shule imefungwa, kwa nini? Njoo kesho!" Watu wakaangua kicheko. Nikamgeukia Mwenyekiti, nikanyoosha mkono wote, koti likafunguka, bitana ikameta kwenye mwanga wa projekta.

"Na wewe Mzee wetu, umebanwa makwapa mbele ya wageni wako! Koti lako liko wapi sasa hivi? Nani amelivaa? Hujui! Kwa nini?"

"Njoo kesho!" ukumbi mzima ukaitikia.

Mwenyekiti hakuitikia. Alisogea mbele kwenye kiti, akakaza macho kunitazama. Nikasema moyoni, huyu amenasa.

Nikaleta miduara. Bilioni moja na ushee. Mama Miwani akafuta miwani. Nikaleta mduara mdogo.

"Na hapa hatukukisia," nikasema kwa kujivuna. "Tulikaa mlangoni kwa fundi mmoja, wiki nzima, tukahesabu mtu mmoja mmoja. Mia mbili na kumi na wanne! Zidisha kwa mafundi wote wa mji huu, unapata wateja milioni nne na nusu!"

Mama Miwani akakunja nne chini ya meza.

Kimya, ambaye macho yake hukaa chini siku zote, akaganda. Akanivuta pindo la koti.

"Viatu," akanong'ona.

"Viatu gani? Sogeza slaidi."

"Vile vyekundu. Vya kifungo pembeni. Nimevihesabu."

"Utavihesabu baadaye."

"Nimeshavihesabu, bwana! Mara nyingi!"

Mama Miwani akaegemea mbele. "Samahani, vijana. Huyu fundi, duka lake lina mlango wa bluu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mlangoni kulikuwa na kijana kwenye kigoda, kila nikipita anabonyeza simu. Nilidhani anacheza gemu." Akamwelekeza Kimya kidole. "Ni wewe."

Kimya akavitikisia viatu kichwa.

"Nilipeleka gauni," akasema Mama Miwani. "Nilikwenda Jumatatu, halijawa tayari. Nikaenda Jumanne. Nikaenda Jumatano asubuhi na jioni. Sasa hebu niambieni, katika hao watu wenu mia mbili na kumi na wanne, mimi ni wangapi?"

Nikaitazama slaidi kama jibu limeandikwa pale.

Aliyejibu ni Kimya. Kimya, ambaye sijawahi kumsikia akizungumza mbele ya watu zaidi ya wawili, tena mmoja wao akiwa amelala.

"Sita, Mama."

"Sita!"

"Ijumaa ulikuja na viatu vyeusi, kwa hiyo huenda ni saba."

Watu walicheka mpaka yule wa maji akapaliwa, na maji hakuwa nayo.

"Na mwanangu," Mama Miwani akaniambia, sauti ya upole ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, "programu yenu ikifanya kazi, fundi akatoa nguo siku aliyoahidi, sisi tunaorudi kila siku tutakuwa wapi?"

"Nyumbani kwenu, Mama."

"Kwa hiyo mkifaulu, soko lenu linaisha."

Nikaona mabuti. Nakuapia, niliyaona pale pale ukumbini, yamesimama kando ya projekta, yananuka kuku.

Nikamtafuta Kocha kwa macho. Kocha alikuwa amesimama mlangoni, akawa anasoma maandishi ya kifaa cha kuzimia moto kwa makini makubwa, kama ndiyo kwanza ameajiriwa na zimamoto.

Sasa mtu akishavuliwa nguo hadharani ana mambo mawili: ajifunike kwa viganja, au atembee. Nikatembea.

"Kimya," nikasema, "ukitoa waliorudi, wanabaki wangapi?"

"Jozi tofauti thelathini na moja. Toa vile vyeusi vya Mama. Thelathini."

"Mama," nikasema, "Mwenyekiti, wakubwa zangu. Bilioni ile ni ya Kocha, na nepi zimo. Milioni nne na nusu ni ya kikokotoo. Yetu sisi ni watu thelathini. Lakini watu thelathini walivuka mlango ule mara mia mbili na zaidi kwa wiki moja, wakaacha kazi, wakapanda magari, wakarudi mikono mitupu, na kesho yake wakarudi tena. Sina soko kubwa. Nina watu thelathini wenye hasira, na hao nawajua mpaka viatu vyao."

Hakuna aliyecheka. Mama Miwani akavua miwani. Safari hii hakuifuta. Aliiweka mezani.

"Tangu asubuhi nimeonyeshwa watu bilioni nane," akasema. "Thelathini ndio wa kwanza ninaowaamini. Na mimi nimo." Akamgeukia Mwenyekiti. "Upande wangu nimekubali. Tuwape kidogo, waanze na mafundi kumi, tuone. Lakini huyo mwenye suruali fupi asizidishe kitu tena."

Moyo wangu ulirukaruka kama mtoto aliyefunguliwa geti. Nikayaona mabuti yanageuka, yanaondoka zake kwa miguu.

"Bado neno la Mwenyekiti," akasema Mama Miwani.

Mwenyekiti alikuwa bado amekaza macho kifuani pangu.

"Fungueni pazia," akasema.

*

Mwanga wa mchana ukaingia. Mwenyekiti akainuka, akaizunguka meza polepole, akaja mpaka karibu yangu. Nikanyoosha mkono nikidhani ananipongeza. Akaupita mkono, akashika ukosi wa koti kwa vidole viwili, akausugua kama mtu anayenunua kitambaa.

"Koti zuri," akasema.

"Asante, Mzee."

"Kakushonea nani?"

"Shangazi yangu, Mzee. Ndiye fundi mwenyewe wa mlango wa bluu."

"Ooh. Ndani, kushoto, chini ya mfuko wa kawaida, kuna kimfuko kingine?"

"Sijui, Mzee."

"Koti lako mwenyewe hulijui mifuko? Tia mkono."

Nikatia mkono. Kilikuwepo. Chembamba, kirefu, kinatosha miwani ya kusomea na si kitu kingine chochote.

Sijawahi kuogopa mfuko mtupu namna ile.

"Bitana ya zambarau alichagua mke wangu," Mwenyekiti akaueleza ukumbi, si mimi. "Kimfuko nilikitaka mimi, maana miwani naipoteza. Jana nimeambiwa bado vifungo." Akavihesabu kwa kidole kifuani pangu, kimoja kimoja. "Vifungo naviona vyote."

"Mzee, naomba nikueleze..."

"Livue."

Nikalivua. Sasa Kocha alikuwa ametuagiza tuvae fulana za kampuni chini ya koti, kama wanavyovaa matajiri wa teknolojia. Nilipogeuka kulitoa mkono, ukumbi mzima ukasoma mgongo wangu, maandishi ya manjano: NGUO YAKO IKO TAYARI.

Yule dada wa ndoa ndiye aliyeanza kucheka. Wengine wakafuata. Mama Miwani hakucheka. Alinitazama jinsi Shangazi anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Fundi anajua kwamba umelivaa?" akauliza.

"Hajui, Mama. Haki ya Mungu hajui. Kosa ni langu peke yangu."

"Ndivyo wanavyosema wote," Mwenyekiti akasema. Akavua lile la kahawia, akavaa lake. Lilimkaa vizuri hata mimi, katika hali ile, nikamwonea Shangazi fahari. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akajishika kifua, akageuka upande.

"Anajua kushona," akasema. "Swali ni kama anajua kusema kweli. Maana nyinyi mnataka niweke fedha kwenye kampuni inayotegemea mafundi waseme kweli. Sivyo?"

"Ndivyo, Mzee."

"Basi tufanye jaribio. Mpigie. Hapana, ngoja, nitampigia mimi. Wewe ukithubutu kukohoa, nimekataa."

Akaweka simu mezani, akafungua spika. Ikaita. Ikaita tena. Nikaomba dua zote ninazozijua pamoja na za watu wengine. Shangazi usipokee. Shangazi uwe bado unanunua uzi. Shangazi chaji iishe.

"Haloo! Mzee wangu! Shikamoo!"

"Marahaba, fundi. Habari za kazi?"

"Nzuri tu, tunasukuma. Cherehani haina huruma."

"Nauliza koti langu."

Hapakuwa na kusita hata kidogo. Nampenda Shangazi wangu, lakini ningefurahi angesita.

"Koti lako? Hili hapa, Mzee, nimelishika mkononi! Namalizia kifungo cha mwisho."

Mwenyekiti akaitazama mikono yake miwili, yote imo ndani ya koti.

"Kifungo kipi, fundi?"

"Cha chini kabisa."

Akashuka kwa kidole mpaka kifungo cha chini kabisa. Akakivuta. Hakikutikisika.

"Limependeza?"

"Mzee! Ukilivaa hili watu watakusimamisha njiani."

"Wameshaanza," akasema Mwenyekiti. "Sasa nina haja nalo leo leo. Niko kwenye lile jengo la vioo karibu na posta, ghorofa ya nne. Unaweza kuniletea mwenyewe?"

"Kwa nini nisiweze? Si limekwisha! Nalitia kwenye mfuko, napanda pikipiki. Na kuna mtoto wangu yuko huko huko, amekwenda kuomba mtaji. Ukimwona, Mzee wangu, msaidie. Ni mwaminifu sana."

Simu ikakatika.

Mama Miwani akaivaa miwani yake taratibu. Kimya akawa ameinama mpaka paji la uso limegusa laptopu, na sijui aligusa kitufe gani, ukutani pakatokea programu yetu, ukurasa wa mteja wa Shangazi. Koti la kijivu: linasubiri vifungo, hatua ambayo Kimya alimjazia mwenyewe jana. Tukiwa tunatazama, ukumbi mzima, maandishi yakabadilika. Shangazi, ambaye hajawahi kubonyeza simu ile tangu tumfundishe, siku ile alibonyeza.

Nguo yako iko tayari. Iko njiani.

"Programu inafanya kazi," Kimya akanong'ona.

Mwenyekiti akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akakunja mikono kifuani, zambarau ikachungulia.

"Hakuna anayetoka," akasema. "Uamuzi wangu nitautoa fundi akifika. Akiingia mikono mitupu akasema, Mzee nimekudanganya, fedha mtapata. Mtu anayekiri naweza kufanya naye kazi. Lakini akiingia hapa na koti..." Akacheka. "Ataingia na koti gani? Koti lenyewe si hili?"

Watu wakacheka naye. Hata Mama Miwani alitabasamu, akanikonyeza kama kunipa moyo, maana kwa hesabu yoyote ya haki tulikuwa tumepona. Shangazi angefika, angetafuta msumarini, angekuta patupu, angejua, angekuja kuomba radhi. Angefanya nini kingine?

Nami nikaanza kucheka.

Kisha nikaukumbuka msumari wa tatu, na nilichokitundika pale asubuhi kwa mikono yangu mwenyewe, uso kwa watu, tundu kwa ukuta.

Shangazi hakuwa amedanganya. Alikuwa amelishika mkononi.

Chini barabarani pikipiki ikafunga breki.